Kabla ya kumlaumu mkamwana, tazameni kinywa cha mama

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wenu wa Korogwe, yule ambaye mama yake amehamia kwake na sasa chakula cha nyumbani hakimpandi. Wali hauna ladha, mchuzi maji matupu, kabichi inanuka, na kila sahani ikitengwa mzee anaomba chumvi ilhali kliniki ya presha wamemkataza. Mwandishi akamaliza kwa kusema mabinti wa siku hizi hawana mkono wa kupika, na mfano aliotoa ni mke wake mwenyewe, gazetini, nchi nzima ikisoma. Barua ni ndefu. Imo habari ya nazi, imo bei ya mchele, yamo mapishi ya marehemu bibi yake. Kuhusu kinywa cha huyo mama, hakuna hata neno moja.

Mimi ni tabibu wa meno mstaafu, naishi Tanga. Kazi yangu ilikuwa kung'oa, kuziba na kusafisha, na mwenye kazi hiyo huyafahamu mate ya watu kuliko anavyofahamu majina yao. Huyo mkamwana simjui, lakini nataka kumtetea, kwa sababu malalamiko ya mkwe wake nimeyasikia kwa wazee wengi waliokaa kwenye kiti changu, na mara nyingi shida haikuwa jikoni.

Nianze na jambo ambalo msomaji anaweza kulijaribu leo hii. Toa ulimi, ukaushe vizuri kwa kitambaa safi, kisha weka juu yake punje chache za sukari. Utazisikia zinakwaruza, basi. Utamu unakuja pale mate yanaporudi na kuziyeyusha. Sehemu zinazoonja hazikai wazi juu ya ulimi. Zimejificha ndani ya vinundu, na kila moja ina kitundu kidogo mno cha kuingilia. Kisichoyeyuka hakipiti. Chumvi, sukari, ndimu, shubiri, vyote vinafikishwa na mate. Mtu mwenye kinywa kikavu anaweza kupikiwa na mpishi wa harusi za kitajiri na bado akasema chakula hakina kitu, na hatakuwa anasema uongo.

Na mate si maji ya bomba. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, kutoka tezi kubwa jozi 3, yaani mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, pamoja na vitezi vidogo mamia kwa mamia vilivyotapakaa kwenye midomo, mashavu na kaakaa. Sehemu 99 katika 100 ni maji. Ile moja iliyobaki ndiyo yenye kazi: imo chumvi kidogo, imo dawa ya jamii ya magadi inayopunguza ukali wa ndimu, zimo protini, vimo vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunjavunja chakula. Ile chumvi ya kwenye mate ulimi umeshaizoea, hauisikii. Ili mtu aseme mchuzi umekolea, chumvi ya mchuzi lazima iizidi ile aliyonayo mdomoni tayari. Kwa hiyo watu wawili wanaokula sufuria moja wanaweza kubishana juu ya chumvi na wote wakawa wakweli.

Akina mama waliolea watoto au kuuguza wanakijua kitu kingine. Uji mzito ukiliwa kwa kijiko kinachotoka mdomoni na kurudi bakulini, kisha ukaachwa, ukiurudia baadaye umekuwa mwepesi, juu yake maji. Hakuna aliyeutia maji. Ni kimeng'enya cha kwenye mate, kinaitwa amilesi, kimekatakata wanga wa uji, kazi ile ile inayofanywa na kimea mtu akikitia kwenye uji wa mtoto. Wanga ukikatwa hivyo hutoa sukari. Chukua kipande cha muhogo wa kuchemsha, kitafune polepole bila kumeza, utasikia utamu unaanza kuchomoza ambao mwanzoni haukuwepo. Nilikuwa nikiwafanyisha hivyo wanafunzi waliokuja kujifunza kwetu, wakicheka, maana mpaka hapo walidhani mate ni kero ya kunyonywa kwa mrija ili daktari aone vizuri.

Hapa nchi yetu ina nafasi yake katika elimu hii, na inanishangaza kuwa haisemwi. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kuhesabu nakala za jeni, yaani agizo la kurithi lililomo mwilini, inayotengeneza amilesi ya mate. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mtu hurithi nakala 2 za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Hii haifuati hesabu hiyo: wapo wenye 2, wapo wenye zaidi ya 10. Waliolinganishwa ni pamoja na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaochimba na kula mizizi yenye wanga, na majirani zao Wadatoga, wafugaji wa maziwa na nyama. Wahadzabe waliwekwa kundi moja na Wajapani na Wamarekani wenye asili ya Ulaya, watu wa vyakula vya wanga. Wadatoga wakawekwa na Wambuti wa msitu wa Kongo, ambao chakula chao cha asili hakikutegemea wanga sana. Kundi la kwanza lilikuwa na nakala nyingi zaidi kwa wastani. Majirani wanaoonana kila siku, wanaokanyaga vumbi moja, mate yao yana historia mbili. Sasa mke na mume waliotoka mikoa tofauti tuwatarajie wauonje muhogo mmoja sawasawa?

Ukakasi nao ni habari ya mate. Watu wa pwani tunaujua kwa bibo, tunda la mkorosho: unaling'ata, tamu, lina maji tele, halafu kinywa kinajikunja kama ngozi iliyoanikwa. Ndizi mbichi hufanya hivyo, zambarau hufanya hivyo, na chai ya rangi iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi. Ndani ya vitu hivi kuna tanini. Kwenye mate kuna protini zinazokifanya kinywa kiwe na utelezi, na tanini zinazikamata protini hizo na kuzigandisha, utelezi unapotea. Ukakasi ni kinywa kusikia kwamba kimepoteza mafuta yake. Ndiyo maana chai ile ile ukiitia maziwa hukosa makali: tanini zinashikana na protini za maziwa, zinafika mdomoni zikiwa na shughuli nyingine. Wanyama wa maabara wakilishwa chakula chenye tanini kwa siku kadhaa, mate yao hubadilika, protini hizo zinaongezeka, na chakula walichokuwa wakikisusia wanaanza kukila. Ninapowaona wazee wa barazani wakinywa kahawa chungu bila kukunja uso huwa nawaza kwamba mazoea yao hayako kichwani tu.

Nimesema mate, sijasema wakazi wake. Wanasayansi wameshatambua aina zaidi ya 700 za bakteria kwenye vinywa vya binadamu, ingawa hakuna anayebeba zote. Si habari mpya: mwaka 1683 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa aliyejitengenezea lenzi, aliukwangua utando wa meno yake akaona vidudu vinacheza. Kilichochelewa kujulikana ni kwamba vidudu hivi vinapika. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka kooni kwenda puani. Ziba pua huku ukimumunya ubuyu wa rangi, utabakiwa na uchachu na sukari, ubuyu wenyewe umetoweka. Mwaka 2008 watafiti wa Geneva walichukua vitu fulani vilivyomo kwenye vitunguu, pilipili hoho na zabibu, vitu visivyo na harufu kabisa, wakawapa watu waviweke mdomoni. Kwa nusu dakika hivi hakuna kitu. Kisha harufu ikaanza, ikadumu mpaka dakika 3. Bakteria za kinywani ndizo zilizokuwa zikivivunja na kuachia harufu. Kumbukeni hilo mkila kachumbari: sehemu ya ladha inayobaki baada ya kumeza imetengenezwa ndani yenu, na wapishi wake hamkuwaajiri.

Tuje kwenye kabichi ya Korogwe inayonuka. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walichanganya mate ya watoto na ya wazazi wao na koliflawa na brokoli mbichi, ndugu wa kabichi na sukuma wiki, wakapima harufu ya salfa iliyotoka. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno. Lakini mtoto na mzazi wake walikaribiana, pengine kwa sababu wanaishi na bakteria zinazofanana. Watoto ambao mate yao yalitoa harufu kali zaidi ndio waliozichukia zaidi mboga hizo. Kwa wazazi uhusiano huo haukuonekana. Harufu wanayo, ila huenda wameshaizoea. Kwa hiyo, msomaji wa Korogwe, kama una mtoto anayekataa kabichi, fimbo iache. Huenda kweli mdomoni mwake inanuka kuliko mdomoni mwako. Na kabichi iliyochemshwa muda mrefu huzidisha salfa yenyewe, hapo mkeo anaweza kuiepua motoni mapema. Hilo moja namwachia.

Sasa mama. Uzee peke yake haukaushi kinywa kama watu wanavyodhani. Kinachokausha zaidi ni mfuko wa dawa. Dawa za presha zinazomfanya mtu akojoe sana. Amitriptilini, ambayo wengi hupewa kwa maumivu ya mishipa ya miguu. Vidonge vya mafua na mzio vinavyonunuliwa duka la dawa bila cheti, na wazee wengine huvimeza kila usiku kwa sababu vinaleta usingizi. Kila kimoja kina kazi yake, sivitukani, lakini vikikutana kwa mtu mmoja mate yanakwisha. Kisukari kisichodhibitiwa kinakausha pia. Wako waliopigwa mionzi ya saratani ya kichwa na shingo, tezi zao zimeumia, hao wanahitaji uangalizi wa peke yao. Na zipo dawa ambazo mate hayapungui ila ladha inapinda: metronidazoli ya kutibu maambukizi inatokea kwenye mate yenyewe na kuleta ladha ya chuma, na metformini ya kisukari nayo huwafanyia wengine hivyo.

Namkumbuka mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyeletwa na binti yake kwa sababu meno ya chini yalikuwa yanaoza shingoni, pale yanapoingia kwenye fizi. Nilipoingiza kioo changu kikamnata shavuni. Sisi wa meno tukiona kioo kinanata tunajua hatuhitaji kuuliza sana. Kioo kinatakiwa kiteleze. Nikamwuliza anakula nini. Akasema anakula chochote kwa sababu vyote ni sawa. Binti akasema, "Tabibu, si kweli, ananisema kila siku kwa majirani kwamba namnyima chumvi." Nikaomba waniletee dawa zote kesho yake, nikasisitiza zote, na za dukani. Zilijaza mfuko wa rambo. Daktari wake wa presha alizipitia, moja akaiondoa, nyingine akaibadilisha saa ya kumeza, ya mafua akaikataza. Ladha haikurudi yote. Ila baada ya muda alianza kuchagua chakula tena, na binti yake aliniambia hilo kwa furaha kubwa, kwamba baba sasa anasema hiki kitamu na hiki kibaya.

Meno bandia nayo yana mambo yake. Sahani ya juu inafunika kaakaa, na kaakaa lina sehemu ya kuonja na ya kusikia chakula kilivyo, moto, baridi, laini, cha kukwaruza. Kwa hilo hakuna la kufanya ila kuzoea. La kufanywa lipo kwenye usafi. Nimewaona akina mama wanaolala nayo, hawayavui hata kwa mume, achilia mbali kwa tabibu, na chini yake kaakaa jekundu lina fangasi. Fangasi ya kinywani huharibu ladha na kuacha uchungu au kuungua. Meno bandia yavuliwe usiku, yasuguliwe kwa brashi na sabuni ya kawaida, yalale kwenye maji. Wakati wa usingizi mate hukaribia kukoma kabisa hata kwa kijana mwenye afya, ndiyo maana kinywa cha alfajiri kinanuka. Mtu anayelala na sahani chafu mdomoni anawafugia fangasi nyumba yenye joto isiyo na mlinzi.

Nije kwenye dawa za kusukutua, ambazo matangazo yake hata nyinyi mnayapokea, Mhariri, msinichukie. Kinywa kikavu kinanuka, mwenye nacho anaona aibu, ananunua dawa kali ya kuua vijidudu na kusukutua asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi. Ile yenye klorheksidini ni dawa nzuri sana kwa siku chache baada ya kung'olewa jino au kutibiwa fizi, na mwenyewe nimeiandika mara nyingi. Lakini huzima ladha ya chumvi na ya uchungu kwa muda, na ikitumiwa kwa muda mrefu hutia meno na ulimi madoa ya kahawia. Mzee aliyekatazwa chumvi akipewa dawa inayomfanya asiisikie hata ile kidogo anayoruhusiwa, atafanya nini? Ataongeza. Tena nitoke nje ya mada kidogo: mchicha una kemikali iitwayo nitrati, mwili huikusanya na kuileta kwenye mate, na bakteria wanaokaa nyuma ya ulimi huigeuza kuwa nitriti, ambayo mwilini husaidia kulegeza mishipa ya damu. Sisi wenyewe hatuna uwezo wa kuigeuza vizuri bila wao. Yapo majaribio madogo yaliyoona presha ikipanda kidogo kwa watu waliosukutua dawa kali za kuua bakteria. Simkatazi mtu kusafisha kinywa, nitakuwa nimesaliti kazi yangu. Brashi laini ipite na kwenye ulimi, dawa ya meno yenye floraidi, mswaki wa mti kwa anayeupenda. Dawa kali iachiwe aliyeandikiwa, kwa siku alizoandikiwa.

Wapo watakaosema basi mama apewe ndimu na pipi ili mate yatoke. Ndimu kidogo kwenye mchuzi, au ukwaju, kweli huyaita mate, na huficha upungufu wa chumvi vizuri; tangawizi, dania na kitunguu saumu navyo husaidia kwa njia ya pua. Lakini kulamba ndimu siku nzima kwenye kinywa kisicho na mate kunamomonyoa meno, kwa sababu ile magadi ya kuyalinda haipo. Pipi zenye sukari ndizo mbaya kabisa, zile ndizo zilizoyamaliza meno ya mzee wangu wa reli. Maji, funda moja moja, mara nyingi. Chakula chenye mchuzi. Kutafuna kwa utulivu, maana kutafuna kwenyewe kunakamua tezi. Ugoro na tambuu ya tumbaku viachwe, ingawa najua namwambia nani.

Ombi langu kwa kliniki za presha na kisukari ni dogo na halina gharama. Mgonjwa akiwa anapimwa uzito aulizwe: kinywa kinakauka? Unaamka usiku kunywa maji? Chakula kikavu kinashuka bila maji? Nimeona kadi nyingi zimejazwa vizuri kwa vipimo vya damu, na juu ya kinywa hamna kitu, kana kwamba dawa zinaingia mwilini kwa dirisha. Na kwenu gazetini, ukurasa wa mapishi uko kila Jumamosi. Wa afya ya kinywa nauona siku ya kinywa duniani, Machi 20, halafu kimya mpaka mwaka mwingine.

Msomaji wa Korogwe, usiku huu mpe mama biskuti moja kavu, bila chai, umwangalie akiila. Ikigoma kushuka mpaka aombe maji, umeshapata jibu la nusu. Mtazame ulimi: ukiwa umepasukapasuka, unang'aa, au una utando mweupe unaobanduka, hilo ni jibu la nusu nyingine. Asiache dawa yoyote kwa sababu ya barua yangu. Dawa za presha haziachwi kwa ushauri wa gazeti. Zikusanye zote, za hospitali na za dukani, na zile alizopewa na jirani, umpeleke nazo kliniki, kisha kwa tabibu wa meno. Mkeo aende nanyi. Yeye ndiye anayejua mama anakula nini na anabakiza nini, wewe kwa barua yako ilivyo nadhani unarudi chakula kimeshapoa.

Tabibu wa meno mstaafu,
Chumbageni, Tanga